Mayai Kumi na Matatu ya Bi Mize

Bi Mize hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Akikuchukia utajua siku hiyohiyo, tena mbele za watu, na kama hukusikia vizuri atakurudia pole pole mpaka uelewe. Sihaba, mke wa mwanawe, alielewa tangu siku ya kwanza alipovuka kizingiti cha nyumba ile ya Bagamoyo, na kwa miaka mitatu haikupita hata Ijumaa moja bila kukumbushwa.

Kosa lake nini? Katoka Miono, shamba, kwa watu wa mihogo na ufuta. Bi Mize alikuwa amekwisha kumchagulia mwanawe mke, Mwanamkasi, binti wa kaka yake mwenyewe, msichana wa mjini aliyejua kukaa na watu. Mwanawe huyo, Mrisho, karani wa chama cha ushirika, akatumwa Miono kupima korosho, akarudi na mke. Hilo halikusameheka. Halafu mtoto naye asije, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hapo ndipo Bi Mize alipopata pa kushika.

"Tumbo lenyewe debe," alikuwa akisema huku anapepeta mchele, wala hainui macho. "Ukiligonga linalia tu."

Sihaba alinyamaza. Msidhani hakuwa na ulimi; kwao Miono alijulikana kwa maneno. Alinyamaza kwa sababu alikuwa na Mrisho. Mrisho alikuwa mtu wa sauti ya chini, viatu vyake vinang'aa, hajapata kumfokea mkewe hata kwa chai iliyopoa. Jioni, mama yake akishamaliza kutapika sumu yake, humletea Sihaba kashata katika kipande cha gazeti, akamwambia, "Mwache. Mama amezeeka. Mimi ndiye niliyekuoa." Kwa maneno hayo Sihaba aliishi. Na tena lilikuwako jambo la baba yake. Mzee yule alipokuwa anakata roho, aliushika mkono wa Mrisho akamwapisha kwamba mtoto huyu hatamwacha, maana hana kaka, hana mjomba, hana mbele hana nyuma. Mrisho aliapa huku machozi yanamtoka, na Bagamoyo nzima ikasikia habari hiyo ikamsifu.

Basi mwaka ule wa sitini na nane, Idi imepita wiki moja, Bi Mize akatoka na shauri.

Katika nyumba yao ilikuwako desturi. Kila mke anayeingia hupewa mayai kumi na matatu na kuku anayetaka kuatamia, naye huyapanga mwenyewe chini ya kuku kwa mkono wake wa kulia. Mayai yakianguliwa, mkono wake una heri na nyumba itajaa. Bi Mize mwenyewe alipoingia pale kama bibi harusi aliangua kumi na moja, na hadithi hiyo hakuna mgeni aliyeikwepa. Sihaba hakupewa mayai, kwa sababu Bi Mize hakumhesabu kuwa ameingia.

Siku hiyo alimwita jirani yake Bi Mwaija, mwanamke mtu mzima, kungwi wa mtaa mzima, aketi awe shahidi. Akaweka kikapu cha mayai sakafuni.

"Likianguliwa yai moja tu," alisema, "mimi nafunga mdomo wangu mpaka kaburini, na funguo za nyumba hizi hapa, namkabidhi. Yasipoanguliwa, aende kwao Miono na Mrisho amwoe Mwanamkasi. Kaka yangu amesema bintiye haingii ukewenza, kwa hiyo ni huyu au yule. Mwaija, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Bi Mwaija, wala hakufurahi.

"Mama, hilo si sawa," alisema Mrisho. Kisha akasema, "Lakini kama ndilo litakaloleta amani humu ndani..." Akamgeukia mkewe. "Unakubali, Sihaba?"

Sihaba nusura acheke. Alikuwa ameanza kuatamisha kuku akiwa hata hajaota meno ya ukubwani. Mkono wake ulikuwa umetoa vifaranga wengi kuliko ambao Bi Mize amekula. Miaka mitatu ametukanwa kwa jambo asilolijua dawa yake, na leo anapewa kazi anayoijua. Alikubali palepale, na usiku huo alilala usingizi mzuri kuliko siku nyingi.

Kuku alimchagua mwenyewe, mweusi mwenye kishungi, aliyekuwa amekwisha kununa na kuvimba manyoya. Mayai aliyatoa Bi Mize, na Sihaba aliyatazama moja moja kwa wasiwasi. Yalikuwa mazima, mabichi, ya juzi na jana. Bi Mize alimwona anavyoyageuza. "Mimi sina haja ya kukudanganya," akamwambia. "Mkono wako utanitosha." Sihaba akachukua tenga la zamani, akatia mchanga, akatandika majani makavu, akanyunyiza majivu ili utitiri usimsumbue kuku, akaliweka pembeni ya jiko la uani. Kila yai alilitia alama ya mkaa. Akasema bismillahi, akayapanga.

Mrisho alichora mistari ishirini na mmoja kwa chaki nyuma ya mlango wao wa chumbani. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini waliukata mmoja pamoja, yeye ameshika chaki, mkewe amemshika bega. Mara nyingine alimpa chaki akate mwenyewe. Sihaba aliona kwamba hajawahi kupendwa hivyo tangu azaliwe.

Siku ya saba aliyapima. Mlango wa jikoni ulikuwa na tundu ambamo jua la asubuhi hupenya, naye akafunga jiko likawa giza, akaliweka yai moja moja kwenye ule mwanga. Akaona mishipa myekundu, myembamba kama uzi wa kushonea, na katikati nukta inayotukutika. Kumi na moja yalikuwa hai, mawili tu yalikuwa meupe. Alitoka mbio kumwita Bi Mize, lakini Bi Mize hakunyanyuka kwenye mkeka wake. "Nitawaona wakishaanza kulia," alisema. Mrisho ndiye aliyekuja. Akaweka jicho, akatazama, akatazama sana.

"Yanapiga," alisema. "Kumbe mtu anaweza kujua hata kabla hayajatoka."

"Kumi na moja," Sihaba akamwambia. "Sawasawa na ya Mama." Machozi yalimlenga kwa furaha, naye Mrisho akampangusa kwa kidole gumba.

Siku ya tisa habari ikaja kutoka Mlingotini kwamba dada mkubwa wa Bi Mize amefariki. Bi Mize akafunga nguo, akafuatana na Bi Mwaija, wakaenda kukaa matangani siku kumi. Nyumba ikabaki ya watu wawili. Siku hizo Sihaba alikuwa bibi harusi. Alipika anachotaka, akacheka kwa sauti, akamsomesha mumewe majina ya kuku. Mrisho aliyakosea yote.

Siku ya kumi na moja Mrisho hakwenda kazini. Alimwambia mkewe, "Nenda Mlingotini ukahani. Si vizuri mkwe asionekane msibani, Mama ataongeza neno juu ya neno. Kuku wako nitamwangalia mimi." Sihaba alimfundisha: adhuhuri hushuka mara moja, mpe maji na mahindi, usimwache nje kitambo kirefu, mayai yatapoa. Mrisho aliyarudia yote neno kwa neno, asikosee hata moja.

Akaenda kwa miguu, akarudi kwa miguu. Kule Mlingotini Bi Mize alimpokea mbele ya wafiwa wote kwa kumwuliza kama amekuja kuona yeye naye atakufa lini. Halikumwingia. Alirudi Bagamoyo magharibi inaingia, akakuta ua umefagiwa, kuku yuko juu ya mayai yake, na moto jikoni haujazimika; Mrisho amempikia chai. Mwanamume ambaye hajui kiberiti kinakaa wapi! Kesho yake Sihaba aliwasimulia wanawake kisimani, nao wakamwonea wivu.

Tangu hapo hakuyagusa tena. Kwao Miono mayai yakishaingia wiki ya pili hayashikwi, huachiwa mama yao.

Siku ya kumi na tisa Bi Mize akarudi. Siku ya ishirini usiku Sihaba alitega sikio kwenye tenga. Mayai yanayokaribia kuanguliwa hulia kwa ndani, sauti ndogo sana, naye aliijua sauti ile. Hakusikia kitu. Siku ya ishirini na moja akakaa na kuku tangu alfajiri mpaka jua likazama, hakula, hakunywa. Kimya. Siku ya ishirini na mbili, kimya. Mrisho akachora mistari mingine miwili nyuma ya mlango. "Bado," alisema. "Kuna mayai mazito. Subiri." Ya ishirini na tatu akachora tena.

Bi Mize hakusema lolote siku hizo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alipita jikoni, akamtazama kuku, akamtazama Sihaba, akaenda zake.

Hapo ndipo Sihaba alipoanza kuutazama mkono wake. Aliyaona hai kwa macho yake, kumi na moja, tena yanapiga. Nani basi aliyeyaua kama si yule anayekaa karibu nayo? Akaanza kuuosha mkono kila mara. Akawa hapendi kushika mtoto wa jirani. Unga akaukoroga kwa mkono wa kushoto. Jioni moja alimwambia mumewe, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi, "Labda Mama anasema kweli. Labda mimi nina kitu, kila ninachokigusa kinakufa."

"Mungu ndiye ajuaye," akasema Mrisho.

Siku ya ishirini na tano Bi Mize alimwita shahidi wake. Bi Mwaija akaketi juu ya kibao cha mbuzi, Mrisho akaketi kitini na viatu vyake, Bi Mize akasimama. Kuku aliondolewa kwenye tenga, mifupa mitupu, kishungi kimelala. Alikuwa ameatamia mpaka amesahau kula.

"Basi," akasema Bi Mize. "Mayai viza hayo. Yakusanye, katupe jaani yakiwa mazima. Usije ukanipasulia humu ndani." Na hiyo pia ni desturi, yai viza likipasuliwa nyumbani huacha nuksi, na harufu yake haiondoki mwezi mzima. Katika nyumba ile hakuna aliyepata kuliona yai viza kwa ndani.

Sihaba akayakusanya. Mikono ina mazoea yake: yai la kwanza alilitikisa sikioni kabla ya kulitia kikapuni, kama alivyofanya maisha yake yote. Yai viza hucheza, unalisikia maji yake yakienda huku na huku. Hili halikucheza. Akatikisa la pili, na la tatu. Akasimama nalo mkononi.

"Haya si viza," alisema.

"Kusanya," akasema Bi Mize.

"Haya si viza, Mama."

Akaligonga kwenye ukingo wa kinu kabla hawajamzuia. Harufu ilitoka, lakini maji hayakumwagika. Ganda lilibanduka vipandevipande, na weupe wake ulikuwa umeganda, mgumu. Sihaba akaupasua kwa kucha. Ndani alilala kifaranga mdogo asiye na unyoya hata mmoja, kajikunja, jicho lake moja kubwa jeusi. Alikuwa ameiva.

Wote walimtazama Bi Mize. Bi Mwaija alimtazama, Mrisho alimtazama, na Sihaba, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, alimtazama usoni bila kushusha macho. "Umeyachemsha," akamwambia.

Nilitegemea Bi Mize angepiga kelele, na kila anayesikia kisa hiki hutegemea hivyo. Hakupiga. Aliunyoosha mkono akalichukua lile yai, akalisogeza karibu na macho yake mabovu.

"Huyu ana siku ngapi?" aliuliza.

"Kumi," akasema Sihaba. "Kumi na moja."

"Mwaija, siku ya kumi na moja tulikuwa wapi?"

"Mlingotini," akasema Bi Mwaija pole pole. "Tulilala mkeka mmoja."

Uani kuku alikuwa anadonoa punje. Kisha Mrisho akakohoa. "Labda ni yeye mwenyewe," alisema kwa sauti yake ileile ya upole. "Labda aliona hayaendi vizuri, akayachemsha ili akusingizie wewe, Mama."

Sihaba hakuelewa mara moja. Aliitambua sauti, lakini maneno hayakumwingia. Akageuka kumtazama mumewe akidhani amemsikia vibaya.

"Siku ya kumi na moja huyu alikuja kuhani," Bi Mize alisema. "Nilimsuta mbele ya watu, wote waliniona. Nani alibaki na kuku?"

Mrisho alitazama viatu vyake. Hakuhitaji kujibu, na hata hivyo alijibu, na nawaambieni hakulia wala hakutetemeka.

"Sikutaka iwe mimi," alisema. "Niliapa mbele ya mtu anayekufa. Ningemwacha hivihivi, mji mzima ungesema Mrisho kavunja kiapo cha maiti. Nilitaka iwe mayai."

"Na Mwanamkasi?" akauliza mama yake.

"Nimeshazungumza naye. Tangu mwezi wa mfungo."

Sihaba alikuwa angali ameshika maganda. Hakuuliza habari za Mwanamkasi. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza jambo moja tu. "Ile mistari uliyoongeza, mume wangu. Siku ya ishirini na mbili, ya ishirini na tatu. Ulikuwa unachora nini?"

"Nilikuonea huruma," akasema Mrisho.

Bi Mize aliingia ndani. Akatoka na sahani na kibakuli cha chumvi. Akakaa chini, akamenya yai, akamenya jingine, akayapanga kwenye sahani, akaisukuma mbele ya mwanawe.

"Limepasuka, wote mkanitazama mimi," alisema. "Na wewe ukanitazama. Ulijua, ukanitazama na wewe. Miaka yangu yote mimi namchukia mtu mchana kweupe, sijapata kumtilia mtu kitu gizani, na leo ungeniacha niitwe mwongo mbele ya shahidi wangu. Umepika. Kula."

"Mize, ni mwanao huyo," akasema Bi Mwaija.

"Ndiyo maana. Kula, Mrisho. Chumvi hiyo."

Mrisho alimtazama mama yake akaona hapana mlango. Akalichukua yai. Bi Mwaija alijifunika pua kwa kanga akageuka upande. Alikula la kwanza huku macho yamemtoka, akaanza la pili. Mama yake alimtazama anavyotafuna, wala hakupepesa.

"Na neno lako?" Bi Mwaija aliuliza ndani ya kanga. "Funguo?"

"Neno langu lilikuwa likianguliwa. Limeanguliwa?"

"Halikuanguliwa," akasema Bi Mwaija.

"Basi neno liko palepale. Sikumpenda juzi, simpendi leo. Ataondoka." Kisha Bi Mize akamgeukia Sihaba, uso wake haukulainika hata kidogo. "Lakini mkono wako ni mzima. Hilo nalisema mbele ya shahidi, ukaliseme kwenu."

Sihaba aliweka maganda chini. "Nitaondoka," alisema. "Lakini siachwi na mayai. Aseme yeye."

"Sihaba," akasema Mrisho, kinywa kimejaa. Akamtazama mama yake amwokoe. Bi Mize alitazama ukuta.

"Kwa kinywa chako," Sihaba alisema. "Nimesimama hapa nasikiliza."

Akasimama mbele yake, mikono imelegea. Na jambo hili hakupata kumwambia mtu mpaka alipokuwa mzee kabisa huko Miono, na alipolisema alilisema kwa haya: alikuwa anaomba. Alimwona ameketi pale, midomo imechafuka, kifaranga wake yuko kati ya meno yake, naye moyoni alikuwa anamwomba Mungu asiseme. Kama angesema baki, angebaki. Angemletea maji akamsukutuza kwa mikono yake mwenyewe, wala asingemwuliza tena mpaka kufa.

Mrisho alimeza. "Nimekuacha," akasema.

"Nimesikia," akajibu Sihaba, akaingia ndani kufunga nguo zake.